Mjane wa Jukwaani na Mjane wa Jikoni

Kenton, Landani
Mwishoni mwa Juni

Dada yangu Malati,

Shikamoo, dada. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta, au yale mafuta ya mkaratusi yamekusaidia? Na shemeji Anant, kile kikohozi chake cha vumbi la dukani kimepungua? Sisi huku miili yetu ni mizima. Binti yangu Nila amenipita urefu na bado anakua. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, kisha anakujibu kwa Kiingereza; ukimsemesha Kimarathi, vilevile. Mimi nipo palepale kwenye ofisi ya kaunsili, napiga taipu majibu ya watu wanaolalamikia kuta zenye ukungu. Karafuu na iliki ulizompa yule msafiri zimefika salama, na kabati langu la jikoni lanukia Unguja.

Umeniuliza mbona nimekuwa kimya tangu mwaka uanze, au naumwa na sitaki kusema. Siumwi, dada. Nilikuwa na kinyaa. Mtu mwenye kinyaa akifungua mdomo hutapika, na sikutaka kukutapikia kwenye karatasi. Sasa kimetulia kidogo, naweza kusimulia. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha yetu mimi na wewe tangu tulipokuwa tukicheza uani Unguja, kabla ya Mapinduzi na safari ya Dar. Na pia kwa sababu Vasant hakijui. Mume wangu alikaa Dar wiki chache tu za kunioa, akarudi nami huku. Kiswahili chake kinaishia kwenye "karibu".

Vahini Indu unamkumbuka, mjane wa kaka yake Vasant. Ndiye yule aliyekuja harusini kwangu kutoka Nakuru na sari nyeupe, akakaa nyuma kabisa karibu na masufuria. Amekaa nasi hapa Kenton miaka mingi sasa, kwenye kile chumba kidogo cha juu. Asubuhi huenda kiwandani kufungasha biskuti, jioni hutupikia. Vasant alifiwa na mama yake angali mdogo sana, na kaka yake alikuwa amekwenda Nakuru kufanya kazi ya reli. Aliyebaki Pune na mtoto ni Vahini, bibi harusi wa miaka kumi na sita. Alimwogesha, akampeleka shule, na walipokosa chakula akauza bangili zake za dhahabu. Baadaye alimfuata mumewe Nakuru, wakaishi pamoja muda mfupi tu, homa ikamchukua yule bwana. Hawakupata mtoto. Hiyo ndiyo hadithi yake yote, na angalia mume wangu alivyoitumia.

Lakini nianze na Januari. Ilikuwa zamu ya nyumba yetu kuandaa sherehe ya manjano na kunku. Unaijua: wake wenye waume hai wanaalikana, wanapakana manjano na unga mwekundu kwenye paji la uso, wanagawiana vitamu vya ufuta na sukari guru. Vahini alikaanga ufuta tangu alfajiri. Sukari guru ilikuwa bado ya moto aliposokota vile vidonge, akawa anavipuliza vidole vyake kila mara. Kengele ya mlango ilipolia alivua aproni, akapanda juu, akafunga mlango. Kwani uso wa mjane ni nuksi.

Wanawake waliingia na sari zao za hariri chini ya makoti mazito, wakala, wakasifu. Nila, ambaye humwita Vahini Kaki, yaani shangazi, akauliza kwa Kiingereza chake cha sauti kubwa, "Kaki yuko wapi? Si ndiye aliyepika?"

Sushila-bai, mke wa mwenyekiti wa jumuiya yetu, akamwambia, "Kaki amechoka, mwanangu."

Mtoto akapanda juu, akashuka. "Hajachoka. Amekaa kitandani na koti, anasikiliza redio kwa sauti ya chini. Anasema asitusumbue."

Kisha mmoja wao, nesi wa hospitali kubwa, mwanamke anayeshika maiti kwa mikono yake kila wiki, akachukua kidonge kingine cha ufuta akasema, "Mkono wake mtamu. Kivuli chake tu ndicho kisitufikie." Wakacheka kwa aibu. Na mimi nilicheka, dada, kwa kuwa walikuwa wageni wangu. Kicheko kile nakisikia mdomoni mpaka leo kama mafuta yaliyooza.

Na si mjane peke yake. Kwenye zile siku tisa za mungu wa kike, sanamu yake ipo sebuleni, mikono minane, amempanda simba. Wanaume wanamwinamia wakiimba kwamba nguvu zote za dunia ni za kike. Nila alikuwa amepata siku zake. Sushila-bai alimvuta mkono asiiguse taa, akamwambia akae ngazini. Msichana akaniuliza baadaye, "Kwani yeye mungu si mwanamke? Yeye hapati?" Baba yetu angesema hayo ni mambo ya kale. Baba yetu alikuwa na bahati ya kufa mapema.

Sasa tamthilia. Vasant, kama ujuavyo, ni mhasibu mchana na mwandishi wa Kimarathi Jumamosi na Jumapili. Rafu za vitabu zimepanda mpaka dari. Miaka ya kwanza huku, theluji nje na simjui mtu, nilivisoma vyote. Kuna mama anayelala njaa ili mwanawe asome. Kuna mke wa mlevi anayepigwa, akavumilia, akafa, na mlevi akaanguka juu ya maiti yake akawa mtu mwema. Kuna mcheza ngoma mwenye moyo safi anayejitoa roho ili bwana arudi kwa mkewe. Mjane akiwa mzuri wa sura hutumbukia kisimani. Akiwa hana sura huwa mtakatifu. Na vya dini ni vilevile: malkia anatiwa motoni kuthibitisha kuwa hakuguswa na aliyemteka, anatoka salama, watu wanapiga magoti, kisha mumewe anamfukuza msituni akiwa na mimba. Na huyo ndiye tunayeambiwa tufanane naye! Nilikuwa nikifunga kitabu naona maji ya chumvi yananijaa mdomoni. Nyimbo za bibi yetu alizokuwa akiimba akisaga unga, zile za kumsengenya mama mkwe na kumgombeza Mungu kama jirani, hazimo hata kwenye kitabu kimoja. Mle ndani wanawake hawagombi. Wanakufa tu, tena kwa ustadi.

Majira ya kuchipua Vasant akatangaza kuwa ameandika tamthilia juu ya ukuu wa mwanamke wa Kimarathi. Mimi ndiye niliyeinakili kwa mkono ili waigizaji wagawiwe. Nilipofika ukurasa wa tatu nikaweka kalamu chini. Mjane kijana anamlea shemeji yake yatima. Anauza bangili. Mwalimu mwema anamposa, anamkataa akisema, "Mimi niliolewa mara moja, na hata moto wa maiti haukuniachisha." Mwishoni shemeji amekuwa mtu mkubwa, anarudi nyumbani, na mjane anakufa kichwa chake kikiwa miguuni pa kijana. Miguuni! Aliyemwosha makamasi afie miguuni pake!

Nikamuuliza, "Umemuuliza Vahini?"

"Nimuulize nini? Ni heshima kwake."

Ilichezwa Jumapili mchana kwenye ukumbi wa shule. Mjane aliigizwa na mke kijana wa mfamasia, mnene wa haki, na sari nyeupe iliyopigwa pasi kama karatasi. Vahini halisi alikuwa jikoni nyuma ya ukumbi, anakaanga vitumbua vya viazi kwa watu wote wale, akichungulia kwenye lile dirisha la kupitishia vyombo. Mwenyekiti alifungua kwa hotuba. Alisema kila mwanamke ni mungu wa kike, na nyumba anamoheshimiwa mwanamke miungu hukaa humo. Dada, kilemba cha ukoka nakijua tangu utotoni, lakini sikuwahi kuona watu mia wakivikwa kwa mpigo mmoja na kupiga makofi. Tamthilia ilipofika kifo, wanaume walilia. Wanaume wazima wenye tai walitoa vitambaa vya mfukoni wakapenga. Nilitoka nje ya safu nikaenda jikoni.

Vahini alikuwa amesimama na kijiko chenye matundu mkononi. Kiswahili chake unakijua, cha Nakuru, cha jikoni na sokoni, nasi hukitumia tukitaka kusema yetu. Akaniambia, "Kusum, bangili mimi nauza kwa sababu unga hapana. Mtoto nalia njaa, mimi pia nalia njaa. Hii mama ya jukwaa, yeye iko nono sana. Yeye hapana jua njaa."

Tukacheka mpaka tukashikana. Na mlangoni alikuwa amesimama bwana mmoja ameleta sinia la vikombe, naye akacheka, kwa kuwa Kiswahili alikisikia. Huyo ni Bwana Madhav, Mmarathi wa Jinja, kondakta wa basi la ghorofa, anakaa Tooting. Ni mgane, mkewe alikufa zamani. Na uone: mgane alikuwa amepewa kiti cha mbele, hakuna aliyeogopa kivuli chake. Alikunja mikono ya shati akaosha vikombe vyote pamoja naye.

Akaanza kuja Kenton Jumapili, kwa tyubu, treni ya chini ya ardhi, kutoka upande wa pili wa mji. Mara ameleta mabamia, mara ameleta majani ya giligilani yenye mizizi. Wakikaa jikoni na mlango wazi, wanabishana juu ya Nakuru na Jinja, wapi kulikuwa na nanasi tamu. Vahini alianza kuimba akikoroga dengu. Nila ndiye aliyeniambia, "Mama, Kaki ana meno mazuri, sikujua."

Mwezi wa tano Bwana Madhav alivaa suti, akaja kwa Vasant kama desturi inavyotaka, akaomba kumwoa. Vasant alimpa chai, akamwambia atafikiri, akamfungia mlango polepole. Kisha akanigeukia akiwa mweupe kama chaki.

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Kuna heshima ya marehemu kaka."

"Marehemu kaka yako hapikiwi chai wala hafuliwi nguo. Kwa nini hasa?"

Akatembea mpaka dirishani. "Kusum, ukumbi mzima ulilia kwa sababu yule mwanamke alikataa kuolewa. Wamenialika niipeleke mji wa Leicester. Leo wasikie wa kweli anaolewa na kondakta wa Tooting? Watanionaje? Kazi yangu yote itakuwa kichekesho."

Nimelala na mtu huyu miaka kumi na sita, dada. Nimemzalia. Siku ile nilimtazama nikaona kama mtu anavyoona nywele kwenye mchuzi alioula nusu.

Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alikuja na wazee wawili wa jumuiya. Walikaa sebuleni, viatu mlangoni. Mwenyekiti alieleza vitabu vya sheria vya kale visemavyo: mwanamke utotoni hulindwa na baba, akiolewa na mume, akizeeka na wanawe.

Nikauliza, "Na asiye na hao watatu?"

"Ana jamaa," akasema, akamwonyesha Vasant kwa kidevu.

Vahini akaingia na sinia la chai. Nilidhani ataliweka atoke kama siku zote. Aliliweka, akabaki amesimama, akajipangusa mikono kwa pindo la sari. Akasema kwa Kimarathi, taratibu, kama anayemweleza mtoto njia ya shule:

"Huyu nilimwogesha. Nilimtoa chawa. Alipokuwa na homa nilimlaza tumboni kwangu. Tangu lini mtoto akampa mama ruhusa?"

Mwenyekiti akakohoa. "Vahini, sisi tunakuheshimu kama mungu wa kike."

"Mungu wa kike hali, wala mgongo haumuumi. Mimi nakula, na mgongo unaniuma. Namtaka mtu wa kunikanda." Wazee walitazama zulia. "Kunyweni chai, itapoa."

Vasant akasema kwa sauti ndogo, "Vahini, na mimi je?"

Nilidhani atalainika, maana anampenda, hilo halina shaka. Akamwambia, "Wewe umeshaniua, Vasant, mbele ya watu mia. Sasa niache niende."

Akaenda kweli. Walifunga ndoa ofisini huko upande wa Tooting, siku ya mvua. Mimi na Nila tulikuwa mashahidi, pamoja na dereva mmoja Msingasinga rafiki wa Bwana Madhav. Kabla ya hapo tulipitia duka la bangili. Mwenye duka, Mhindi wa Mombasa, alimpaka sabuni mkononi akazisukuma zile za kioo za kijani, rangi ya mke. Mkono ulikuwa umekomaa kwa kazi, mifupa imepanuka, hazikupita. Ya kwanza ikavunjika ikamkata. Akajaribu kubwa zaidi. Zilipoingia Vahini aliinua mkono akautikisa sikioni, akausikiliza. "Kusum," akasema, "mkono yangu nasahau hii kelele." Hapo nililia mimi, wala si kwa huzuni. Baada ya ndoa tulikwenda na mume wake tukala dosa, zile chapati nyembamba za mchele, dukani, sote watano, Nila akala mbili.

Vasant hakuja. Alipeleka Leicester tamthilia yake vilevile. Karatasi ya utangulizi ilipochapwa nikaisoma mezani. Ameitabaruku kwa yule aliyekuwa mfano wa mjane huyu, "ambaye hayuko nasi tena". Nikamwambia, "Yuko Tooting!" Akasema ni lugha ya kifasihi. Nimeambiwa walilia na huko. Sushila-bai na wenzake hawanipigii simu tena, na wakinikuta dukani wananunua manjano yao wameangalia pembeni. Vahini alituma boksi la vitamu. Vasant hakugusa, Nila alilimaliza.

Wiki iliyopita ikawa siku ile ya wake kufunga na kuuzungushia mti uzi mweupe, kuomba mume yuleyule kwa maisha saba. Huku mti wenyewe haupo, basi huweka tawi kwenye ndoo sebuleni kwa mwenyekiti. Mwaka huu Sushila-bai alimtuma mtu mlangoni kuniita, nadhani kunijaribu. Nikamwambia nimeshakula. Vasant alikuwa mezani na magazeti.

"Umekula?" akaniuliza mgeni alipoondoka.

"Nimekula. Chapati na kunde za jana."

"Miaka yote umefunga."

"Vasant," nikamwambia, "maisha haya moja bado yametushinda. Hayo sita mengine tuyafanyie nini?"

Akaiviringisha kalamu yake. Kisha akauliza kama kunde zimebaki. Nikamwonyesha sufuria ilipo. Sikumpakulia.

Nisalimie shemeji Anant, mwambie aache kulala dukani mchana. Mama mkwe wako mpe heshima zangu. Rekha binti yako mbusu, umwambie mama zake wadogo wa Kenton na wa Tooting wote wawili wanataka kuona picha yake ya ualimu. Na Bi Zuhura, yaya wetu, ukienda Unguja umshikie mikono kwa niaba yangu. Wewe kanda goti, na uniandikie upesi.

Mdogo wako akupendaye,
Kusum